Nne kwa Tatu

Katika makumbusho ya Berlin kuna kikombe cha mvinyo ambacho mchoraji wake, Douris, alikizungushia picha za shule. Ni kazi ya mwanzoni mwa karne ya 5 kabla ya Kristo. Mwalimu na mwanafunzi wamekaa wakikabiliana, kila mmoja na kinubi chake. Kwingine mtu ameshika kibao cha kuandikia na kalamu. Mwalimu mwingine amekunjua gombo lenye maneno ya utenzi, na mbele yake amesimama mvulana aliyejifunika shuka, mikono ndani, akingoja kughani. Kila upande wa kikombe amekaa pia mwanamume mwenye fimbo, ambaye wataalamu wengi humhesabu kuwa mtumwa wa kumsindikiza mtoto shuleni. Amepachika mguu juu ya mguu na anatazama kama mtu atakayeulizwa nyumbani somo lilikwendaje.

Mvulana yule hakupewa orodha. Alipewa mstari, akaushika kwa sikio na kwa ulimi, kisha mwingine, mpaka tenzi za Homer zikamkaa kifuani. Vitabu vya shule vya siku hizi huanzia kwingine: miungu 12 wa mlima Olympus, jina la kila mmoja kwa Kigiriki na kwa Kirumi, huyu wa bahari, yule wa vita. Mwanafunzi hukariri Jumatatu, hujibu mtihani Ijumaa, na Jumamosi Poseidon ameshamtoka. Sina ugomvi na mitihani. Ila mwalimu mwenye kipindi kimoja tu cha kuwatambulisha wanafunzi wake kwa Wagiriki, ningemshauri aiache miungu yote 12 ipumzike, awawekee mbele picha ya mtungi mmoja, na dakika zote 40 ziishie hapo.

Mtungi ninaoufikiria uko katika Makumbusho ya Vatikani. Ulifinyangwa Athens kati ya mwaka 540 na 530 KK, ukavushwa bahari hadi Italia, na ukapatikana Vulci, katika nchi ya Waetruski, watu waliopenda kuzikwa na vyombo vya Kigiriki. Kimo chake ni sentimita 61 hivi, una mikono miwili, na kwenye mdomo wake pameandikwa kwamba aliyeuumba na kuuchora ni Exekias.

Tumboni mwa mtungi wamekaa wanaume wawili kwenye vigoda, wameinamia ubao wa mchezo. Majina yao yameandikwa: Achilles na Ajax, mashujaa wawili wakubwa wa jeshi la Wagiriki lililouzingira mji wa Troy. Mikuki wameishika mkono mmoja, ngao zimeegemezwa nyuma yao. Achilles, aliyeko kushoto, bado amevaa kofia yake ya chuma. Ajax ya kwake ameitua juu ya ngao. Na karibu na midomo yao maneno yanatoka, kama katika katuni za magazeti. Achilles anasema nne. Ajax anasema tatu.

Hapo mwalimu anyamaze. Darasa lenyewe litaanza. Atakayeona kwanza ataona nani anashinda. Mwingine ataona kofia: kwa nini huyu amevua na yule hajavua? Ikipita dakika nyingine, mtu atafuata mikuki kwa kidole na kugundua kuwa yote inashuka kwa mshazari kuelekea ubaoni, kwa hiyo jicho lolote linaloingia kwenye picha hiyo linaporomoka hadi penye kete. Migongo ya wachezaji nayo imejikunja sawasawa na mbavu za mtungi. Mfinyanzi na mchoraji walikuwa mtu mmoja, na hapa inaonekana. Picha ikisogezwa karibu zaidi zinatokea nyota na maua kwenye mavazi yao, madogo kuliko punje ya mtama, halafu nywele na ndevu, uzi kwa uzi.

Uzi kwa uzi umekwaruzwa. Hilo linahitaji kuelezwa, kwa sababu wengi wakiuona mtungi wa Kigiriki hudhani kwamba weusi ule ni rangi. Ni udongo uleule. Udongo wa Athens una chuma kingi. Fundi aliukoroga kwa maji, akaacha chembe nzito zizame, akachota ule mwororo wa juu, akaurudia na kuurudia mpaka akapata uji laini. Kwa uji huo alipaka vivuli vya watu juu ya mtungi uliokauka lakini haujachomwa, kisha akachukua ncha kali na kuchanja humo misuli, macho na mishono ya nguo, ili wekundu wa chini uonekane. Wakati huo tofauti kati ya uji na mtungi ilikuwa ndogo sana. Weusi haujazaliwa, na fundi anafanya kazi kwa kuamini atakachokikuta kesho.

Weusi ulizaliwa tanurini, katika mchomo mmoja wenye hatua tatu. Kwanza hewa iliachwa iingie, joto likapanda hadi nyuzi 800 hivi za Selsiasi, na chombo chote kikawa chekundu. Kisha matundu yakazibwa na kuni mbichi zikatupwa ndani. Wachoma mkaa wanalijua jambo hili: moto uliofunikwa udongo haufi, unageuka tabia. Ukikosa oksijeni unainyang'anya kutoka kwenye udongo wenyewe, na chuma chekundu kinageuka cheusi, mtungi wote, ndani na nje. Joto likipita nyuzi 900, ule uji mwororo unayeyuka kidogo na kujifunga kama kioo. Hatua ya tatu matundu yanafunguliwa tena. Mwili wa mtungi, wenye vinyweleo, unavuta hewa na kurudia wekundu. Uji uliojifunga hauipitishi hewa, unabaki mweusi. Tanuri likifunguliwa mapema mno au joto likizidi, kazi ya wiki nyingi inaharibika kwa saa moja. Kipimajoto hakikuwapo. Palikuwa na rangi ya moto na vigae vya majaribio vilivyochomolewa kupitia tundu. Siri hiyo ilipotea kwa karne nyingi hadi mkemia Mjerumani, Theodor Schumann, alipoieleza mwaka 1942.

Nimekaa sana tanurini, najua. Lakini mwanafunzi akishaelewa kwamba kila nyota ya vazi la Achilles ilichanjwa kwenye uji wa udongo na kukabidhiwa moto usio na kipimo, swali linalofuata linakuwa na uzito: kwa nini juhudi yote hiyo itumike kuwachora watu wanaocheza? Vita vya Troy vina mapambano ya kutosha kujaza mitungi elfu. Iliad, utenzi wa Homer kuhusu vita hivyo, haina mchezo huu, wala hakuna utenzi wowote uliotufikia unaousimulia.

Jibu liko kwa mtazamaji wa Athens, aliyejua mwisho. Alijua kwamba Achilles atakufa kwa mshale, na kwamba atakayeibeba maiti yake kutoka vitani ni huyuhuyu anayecheza naye. Tukio hilo mchoraji Kleitias alikuwa amelichora mwaka 570 KK hivi kwenye mikono ya chombo kinachoitwa leo Mtungi wa François, kilichoko Florence. Mtazamaji huyo alijua pia kwamba silaha za marehemu hatapewa Ajax, atapewa Mgiriki mwenzao Odysseus, na kwamba Ajax atajiua kwa fedheha. Homer anamweka Ajax wa pili kwa ushujaa, nyuma ya Achilles. Exekias akaifupisha habari hiyo yote kwa tarakimu mbili. Tatu haitaifikia nne.

Kifo chenyewe alikichora kwenye mtungi mwingine, ulioko Boulogne-sur-Mer, Ufaransa. Wachoraji waliotangulia walimwonyesha Ajax akiwa ameshalalia upanga. Exekias anamwonyesha kabla, peke yake, uchi, amechuchumaa chini ya mtende, akiupandikiza upanga wima ardhini na kushindilia udongo kuzunguka mpini, kwa uangalifu wa mkulima anayepanda mche. Ni upanga aliopewa na adui yake Hector baada ya pigano lao. Ngao na kofia ziko upande wa pili, kofia inamwelekea kama mtu wa pili asiyesema. Kwenye paji la uso la Ajax kuna mikunjo michache iliyochanjwa kwa ncha. Damu hakuna popote. Katika sanaa yote ya Wagiriki sijui picha inayonikaa zaidi ya hii, na ningeiweka mbele ya wanafunzi bila kuwatajia hata jina la mungu mmoja.

Mwanafunzi atakayeionja kazi ya kutazama hivi atakuwa ameingia, bila kujua, katika njia ya John Beazley wa Oxford, aliyefariki mwaka 1970. Mitungi mingi ya Athens haina sahihi. Beazley alitumia maisha yake kulinganisha masikio, vifundo vya miguu na mikunjo ya nguo, vitu ambavyo mchoraji huvichora kwa mazoea bila kufikiri, mpaka akaweza kusema chombo hiki na kile vimetoka kwenye mkono mmoja. Waliokosa majina akawapa: Mchoraji wa Berlin, kwa mfano, kwa sababu ya mtungi ulioko huko. Sikio moja lilimtosha kuanzia.

Kipindi cha pili, kama kipo, kingekuwa cha nakala. Mchezo ule uliwapendeza Waathens: vyombo zaidi ya 100 vyenye tukio hilo vimepatikana. Mtungi uliopo Boston unafaa zaidi darasani, kwa kuwa wachezaji wamechorwa pande zote mbili, upande mmoja weusi kwa mtindo wa zamani, wa pili wekundu kwa mtindo uliozuka Athens kuanzia 530 KK hivi, ambapo mandhari ndiyo inayopakwa weusi na miili inachorwa ndani kwa brashi badala ya kuchanjwa. Brashi inajua kupinda. Ncha haiwezi kupinda hivyo. Miili inapata nyama, na nyota za mavazi zinapoteza ukali wake.

Katika nyingi ya nakala hizo mchoraji amemsimamisha mungu wa kike Athena katikati ya wachezaji, amekuja kuwaita vitani. Exekias hakumweka. Wape wanafunzi swali hilo, Athena awepo au asiwepo, na uwaache wagombane. Wanaomtaka watasema picha sasa ina sababu, kwamba vita vimeanza na hawa wawili wamezama mchezoni. Wasiomtaka watanyoosha kidole kwenye mikuki. Mimi niko upande wa mikuki, lakini nimewahi kuzisikia hoja za wale wengine na si dhaifu. Iliad ifunguliwe kipindi cha tatu.