Kurasa Zilizobandikwa Ukutani

Msomaji mpenzi, wewe uliye Tanga au Bagamoyo huenda wadhani mambo ya magazeti ya picha yalikuwa ya watu wa mji peke yao. La. Hapa Ruaha Mbuyuni, miaka ya 1970, barabara ya Zambia ilipokwisha kutiwa lami, mabasi yaliyosimama yalituachia karatasi. Drum na mengineyo yalisomwa, yakafungiwa maandazi, kisha kurasa zikabandikwa kwenye kuta za udongo. Binti alilala akizitazama.

Tumezoea kusema kuwa magazeti yale yaliwaharibu mabinti kwa nguo fupi. Mimi naona nguo lilikuwa jambo dogo. Tazama matangazo, hasa ya Ambi na dawa nyingine za kujichubua. Pale binti alifundishwa kuwa sura aliyopewa na Mola wake ina kasoro, na tiba yake inauzwa dukani. (Nyingi katika dawa hizo zilitiwa zebaki au haidrokwinoni, sumu kwa ngozi.) Nguo huvuliwa ikasahauliwa, fikira ile mama alimrithisha bintiye, na leo mjukuu aikuta kwenye simu.

Na sisi wanaume tulifanya nini? Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: marufuku nguo fupi, suruali za kubana, mawigi na dawa za kujichubua, kuanzia Januari 1, 1969. Hata siku yenyewe haijafika, vijana wa kiume pale Kariakoo waliwashusha wasichana katika mabasi na kuwachania nguo, mpaka polisi wakaingilia. Ajabu gani hii, mwanamume kumvua binti wa watu hadharani, kisha akasema analinda stara! Fungua Suratun-Nur. Amri ya kuinamisha macho imewatangulia wanaume, aya ya 30; ya wanawake ikafuata katika ya 31. Wale walirukia ya pili, ya kwanza hawakuigusa.

Nami sijitoi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nikiwa mwalimu kijana wa chuoni, nilimchapa binti niliyemkuta na ukurasa wa gazeti ndani ya juzuu yake. Sikumwuliza alikuwa akisoma nini. Sasa ni bibi mwenye wajukuu. Mwaka jana nikamwuliza, akacheka. Ilikuwa barua ya msichana aliyetaka kujua amwambieje baba yake kwamba hataki kuolewa kabla ya kumaliza shule. Ukurasa ule, akasema, haukuwa na picha hata moja.