Kalibu ya Fundi Mwingine

Katika jedwali la wateja, namba ya simu isiyojulikana ni kitu kimoja, na nafasi iliyojazwa maandishi matupu ni kitu kingine. Kwa macho, zote mbili ni weupe tu. Kwa miaka kadhaa hata dbt_utils, kifurushi kinachotegemewa na wachambuzi wengi wa data, hakikuzitofautisha. Makro yake, yaani kipande cha msimbo unachokiita kwa jina, ya kutengeneza ufunguo wa kutambulisha kila mstari ilizikusanya safu ulizoitajia, ikazisaga kwa MD5, kanuni inayogeuza maandishi kuwa alama fupi, na wateja wawili tofauti wangeweza kutoka na ufunguo mmoja. Toleo la 1.0, la mwaka 2022, lilirekebisha hilo.

Ninachokisifu zaidi ni namna walivyorekebisha. Hawakubadilisha kimyakimya, maana funguo zilizokwisha kuhifadhiwa kwenye majedwali ya watu zingegeuka ghafla. Waliipa makro jina jipya, generate_surrogate_key, na aliyehitaji tabia ya zamani wakamwachia njia ya kuirudisha. Hiyo ni heshima kwa mtumiaji wasiyemjua.

Peke yangu nisingeling'amua kosa hilo. Kabla ya kutumia dbt, programu ya kugeuza data inayotumia vifurushi kama dbt_utils, iliyoanzia Philadelphia, Marekani, mwaka 2016, nilikuwa nikinakili SQL ileile kutoka mradi hadi mradi: ya kuondoa mistari iliyojirudia, ya kuunganisha majedwali ya matawi ambayo safu zake hazilingani. Kosa nililolitoa huku liliendelea kuishi kule. Mfyatua matofali ana kalibu moja, nami nilikuwa nikifinyanga kila tofali kwa mikono. Sasa naandika jina la kifurushi na toleo lake kwenye faili la packages.yml, naamuru dbt deps, na kalibu inashuka.

Lakini kalibu ya mwenzako ina vipimo vyake. Makro ya date_spine, nayo ya dbt_utils, hutengeneza orodha ya siku mfululizo, ili siku isiyo na mauzo nayo ionekane kwenye ripoti. Huanza na tarehe ya mwanzo uliyoitaja, ila ya mwisho haiihesabu. Anayetaka mwaka mzima wa 2024 lazima aandike mwisho kuwa 1 Januari 2025. Mimi niliandika 31 Desemba, na mauzo ya siku hiyo, siku ya pilikapilika dukani, hayakuonekana kwenye ripoti niliyoikabidhi. Maelezo yalikuwepo tangu mwanzo, kwa sentensi moja. Sikuyasoma.

Tangu hapo siingizi kifurushi nisichokipitia, wala sibadilishi toleo bila kusoma kilichobadilika. Msimbo wenyewe haujafichwa. Kama unafanya kazi hii, fungua leo folda ya dbt_packages ndani ya mradi wako, chagua makro moja unayoitumia kila siku, uisome mpaka mstari wa mwisho.