Chanda Chema na Pete Yake: Uhakiki wa Nadharia ya Motisha katika Shule za Chekechea

Wahenga walituachia methali mbili zinazogombana. Ya kwanza yasema, "Chanda chema huvikwa pete", ya pili yaonya, "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Mkuu wa shule anayependa kumtuza mwalimu hushika ya kwanza; anayechelea kumharibu hushika ya pili. Katika makala haya nakusudia kuzipima methali hizo kwa kazi ya mwalimu wa chekechea hapa Kigali, na kuhakiki nadharia moja ambayo wengi wetu tuliosomea ualimu tulifundishwa.

Nadharia hiyo ni ya Frederick Herzberg, Mmarekani ambaye mwaka 1959, pamoja na wenzake wawili, alitoa kitabu baada ya kuwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa Pittsburgh. Alidai kwamba mshahara na usimamizi vikiwa vibaya huleta manung'uniko, lakini vikiwa vizuri havitoshi kumtia mtu ari. Ari hutokana na kazi yenyewe: kufanikiwa, kutambuliwa, kupewa dhamana.

Kuhusu mshahara, nadharia ina ukweli, ila isitumiwe kuwanyima watu haki. Agosti 2022 serikali ya Rwanda ilitangaza nyongeza ya asilimia 88 kwa walimu wa shule za msingi. Ilistahili, kwani mwenye njaa hahubiriwi habari za ari. Katika shule za binafsi, mshahara wa mwalimu wa chekechea bado hutegemea ada za wazazi.

Kasoro iko kwingine. Herzberg anautenga usimamizi na kutambuliwa, kana kwamba ni vitu viwili. Mhandisi huliona daraja lake limesimama; mhasibu huona hesabu zimelingana. Mwalimu wa chekechea huona nini? Mtaala wa 2015 unamtaka afundishe kwa michezo, na michezo haina alama. Mtoto aliyemfundisha kungoja zamu na kushika kalamu ataonekana hodari miaka kadhaa baadaye, mbele ya mwalimu mwingine. Mtihani wa taifa uko darasa la sita, na huko ndiko macho ya mkuu huelekea. Darasa la wadogo hukumbukwa siku ya ada, au siku mtoto alipoanguka.

Basi mkuu ndiye shahidi wa kwanza wa kazi hiyo. Shahidi asipokuwapo, mwalimu huiacha michezo, hujaza ubao herufi, watoto wakaitikia kwa pamoja, ili mpita njia asikie kwamba wanafundishwa. Kazi inayoonekana huiua kazi inayofaa.

Turudi kwa mgema. Wanaomsifu ni wanywaji walioketi chini ya mnazi. Hawakupanda, wala sifa yao haikuwagharimu kitu. Mkuu anayeingia darasani, akaketi mkekani nusu saa, kisha akamweleza mwalimu alichokiona, kizuri na kibovu, hatatiliwa maji, maana anaijua ladha ya tembo. Hapo methali zetu hupatana: pete humkaa yule ambaye mvishaji amekishika chanda chake.

Walimu wenzangu, tuzifundishapo methali hizi tuwaulize wanafunzi: anayesifu, je, ameiona kazi? Swali hilo liwafikie na wakuu wetu.