"Virusi Bandia" au "Virusi vya Vazi la Kuazima"? Uhakiki wa Istilahi za Mafua ya Ndege

Miongoni mwa istilahi zinazohitajiwa na wafasiri wa taaluma za mifugo na tiba ni zile zihusuzo uchunguzi wa mafua ya ndege. Haja hiyo si ya maabara peke yake. Mwezi Januari 2017 Uganda ilithibitisha ugonjwa huo, wa aina ya H5N8, baada ya ndege wa mwituni kufa kandokando ya Ziwa Viktoria karibu na Entebbe. Kuku na bata nao wakaathirika. Ziwa ni lilo hilo linalopiga mawimbi Mwigobero, mjini Musoma, na ndege hawajui mpaka. Ilani ya bwana mifugo ikifika huko itasomwa kwa Kiswahili na Wajita, Wakwaya, Waluo na Wakurya. Neno likikosewa, hatua nayo itakosewa.

Tuanze na jina la ugonjwa wenyewe. Wafugaji wengi huita "mafua ya kuku" ugonjwa mwingine kabisa, uletwao na bakteria na wenye kutibiwa kwa antibiotiki. Mfasiri atakayetumia jina hilo kwa ugonjwa wa H5N1 atamfanya mfugaji akimbilie duka la dawa badala ya kutoa taarifa. Kwa hiyo "mafua ya ndege" na "mafua ya kuku" yasibadilishane nafasi hata kidogo.

Neno gumu zaidi ni lile la virusi vinavyoundwa na wataalamu ili kuchunguza protini za uso wa virusi vya mafua. Huchukuliwa kiini cha kirusi cha jamii nyingine, kilichoondolewa jeni za kuzaliana, kikavikwa protini za uso za kirusi cha mafua. Kirusi hicho huingia katika seli mara moja tu, wala hakizai vingine. Jeni ya alama iliyotiwa ndani yake huwezesha seli iliyoingiliwa kutambuliwa kwa mwanga. Hivyo hupimwa kama kingamwili za kuku au za binadamu zinakizuia, pasipo kukuza kirusi kamili cha hatari, ambacho huhitaji maabara yenye ulinzi mkali zaidi.

Jina la kimataifa la virusi hivi huanza na neno la Kigiriki lenye maana ya uongo. Ndiyo maana tafsiri ya "virusi bandia" humjia mfasiri upesi. Sisi hatuikubali, kwa sababu mbili. Kwanza, noti bandia imeghushiwa, na mguu bandia hushika nafasi ya mguu uliokatwa. Lakini hapa protini za uso ndizo zile zile za kirusi cha mafua, na kilicho kigeni ni kiini. Pili, neno hilo laweza kuchochea uvumi kwamba ugonjwa wenyewe ulitengenezwa na wataalamu.

Rai yetu ni "kirusi cha vazi la kuazima". Tumeepa neno "ganda" kwa makusudi, kwani linafaa kuachiwa ganda la protini lililo ndani ya utando, ilhali protini tunazozisema zimechomoza juu ya utando huo. Atakayesema kwamba istilahi ya kitaalamu haipaswi kuwa ya tamathali, na akumbuke kwamba "mkondo wa umeme" ulianza vivyo hivyo.

Zimebaki protini zenyewe. "Hemaglutinini" isifasiriwe kuwa "protini ya kugandisha damu". Katika kipimo cha maabara protini hii hushikamanisha chembe nyekundu za damu. Haigandishi damu kama kidonda kinavyoganda. Kazi yake mwilini ni kukishikiza kirusi kwenye seli na kukifungulia njia ya kuingia. "Neuraminidasi" ni kimeng'enya kinachokata kishikizo hicho ili virusi vipya viondoke. Twapendekeza majina ya kimataifa yabaki, kwa kuwa herufi H na N za H5N8 zatokana nayo, lakini katika vitabu vya shule yaandamane na maelezo: "protini ya kushika" na "protini ya kuachia".

Kipimo cha istilahi hizi si uzuri wake mezani petu. Ni kama mwalimu ataweza kuzifundisha, na mfugaji wa Mwigobero akazisikia na kutenda lipasalo. Wasomaji wenye rai iliyo bora zaidi wanakaribishwa kuitoa.