Dhamana Dhidi ya Washiriki Hewa

Kila malipo yaliyopita kwenye mtandao wenyewe wa Bitcoin tangu Januari 2009 yameandikwa katika daftari moja ambalo yeyote mwenye intaneti anaweza kulipakua na kulisoma. Majina hayamo, zimo anwani, kiasi na saa. Lakini anayejua kwamba anwani fulani ni yako, pengine kwa sababu ndiye aliyekulipa, anaweza kuzifuata sarafu zako mbele na nyuma mpaka ajue ulikozitoa, ulikozipeleka na ulichobakiza.

Agosti 2013, mhandisi Gregory Maxwell alieleza njia ya kuuvuruga ufuatiliaji huo bila kugusa hata kanuni moja ya Bitcoin. Aliiita CoinJoin. Watu kadhaa huandika muamala mmoja kwa pamoja. Kila mmoja huingiza sarafu zake, na upande wa pili hutoka mafungu yenye kiasi kilekile. Hakuna anayetia sahihi kabla ya kuona fungu lake limo, kwa hiyo hakuna wa kumwibia mwenzake. Msomaji wa daftari huona mafungu kumi yaliyolingana asijue lipi ni la nani, kama anayemfuata mtu wa kanzu nyeupe na kumpotezea katika uwanja wa swala ya Idi.

Njia hiyo iliacha swali moja: wenzako utawapata wapi saa hii unapowahitaji? JoinMarket, programu iliyoanzishwa na Chris Belcher mwaka 2015, ililijibu kwa kufungua soko. Upande mmoja wako watoaji, ambao huacha kompyuta zao zikiwaka mchana na usiku, sarafu ziko tayari, wakingoja ujira mdogo. Upande wa pili yuko mchukuaji, ambaye huja na haja yake, huchagua watoaji kadhaa, hulipa na kuondoka. Katikati hakuna kampuni wala seva kuu inayojua siri za wote.

Udhaifu wa soko hilo uko palepale penye uzuri wake. Kuwa mtoaji hakuhitaji kitambulisho, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwasha programu mia na kujiita watoaji mia. Mchukuaji akiwachagua tisa, na wote tisa wakawa ni huyo mmoja, basi uwanja mzima umejaa watu wa yule anayekufuata: anazitambua kanzu zake tisa, na ya kumi ni yako. Mwaka 2002, John Douceur wa Microsoft Research alionyesha kwamba katika mtandao usio na mamlaka ya kuthibitisha utambulisho, hila ya namna hiyo hubaki ikiwezekana, isipokuwa kwa masharti ambayo ni shida kuyapata duniani. Na kumwomba kila mtu kitambulisho ili kulinda faragha yake ni kuibomoa nyumba unayotaka kuilinda.

Hapa ndipo ufundi unapoanza, na unaanza kwa kupiga hesabu. Mshambuliaji mwenye nusu ya soko, mbele ya mchukuaji anayechagua watoaji tisa, ana nafasi kama 1 kwa 512 ya kuwashika wote. Akifikisha asilimia 90 ya soko, nafasi hiyo inapanda hadi karibu asilimia 39. Mtoaji mmoja tu asiye wake akiingia, sarafu ya mchukuaji haibaki tena peke yake. Mlinzi, kwa hiyo, hana haja ya kumtambua kila mwongo. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kulijaza soko hadi kiwango hicho kunagharimu zaidi kuliko faida yake.

Ukuta wa kwanza ulijengwa dhidi ya wachukuaji wenyewe. Mpelelezi aliweza kujifanya mchukuaji, akaomba kuonyeshwa sarafu za watoaji, kisha akakatiza mazungumzo na kurudi kesho na jina jingine. Dawa ilitokana na wazo la Maxwell, na mwanzoni mwa uhai wa programu Adam Gibson aliigeuza kuwa msimbo. Kabla ya kuonyeshwa chochote, mchukuaji hutoa ahadi ya kihisabati iliyofungwa kwenye sarafu anayoimiliki kweli, bila kuitangaza kwa soko zima. Sarafu hiyo iwe na walau asilimia 20 ya kiasi anachotaka kuchanganya, na iwe imekaa kwenye daftari kwa bloku tano, yaani kurasa tano za daftari, kama dakika hamsini. Kwa mipangilio ya kawaida, sarafu moja hutoa majaribio matatu, kisha ahadi zake zimekwisha. Mteja wa kweli hahisi uzito wowote. Mpelelezi anayetaka kugonga milango elfu analazimika kutafuta sarafu nyingine, na nyingine tena.

Ukuta wa pili ni kazi kubwa zaidi. Julai 2019 Belcher alichapisha muundo wa dhamana ya uaminifu, na Agosti 2021 toleo la 0.9.0 likauingiza katika programu. Mtoaji hufunga sarafu zake kwenye daftari lenyewe la Bitcoin mpaka tarehe aliyoichagua, na kabla ya siku hiyo hata yeye mwenyewe hawezi kuzigusa. Hazipotei, anachotoa kafara ni nafasi ya kuzitumia. Programu huthamini kafara hiyo kama riba anayoikosa mtoaji, kwa kipimo cha kawaida cha asilimia 1.5 kwa mwaka, kisha mchukuaji huwachagua watoaji kwa bahati nasibu inayowapendelea wenye dhamana nzito.

Kama hesabu ingeishia hapo, mshambuliaji angezigawa sarafu zake kumi kwa washiriki hewa kumi na asipoteze kitu. Belcher alipendekeza thamani ya dhamana ipandishwe kwenye kipeo cha pili. Mtu anayefunga sarafu kumi mahali pamoja hupata uzito wa 100. Anayezigawa mafungu kumi ya moja moja hupata uzito wa 1 kila fungu, jumla 10. Mwenye nia njema anaendesha mtoaji mmoja na hana sababu ya kujigawa. Mshambuliaji hana budi kujigawa, maana mchukuaji hamchagui mtoaji yuleyule mara mbili katika muamala mmoja, na dhamana moja haikubaliwi kwa majina mawili. Kanuni haimuulizi mtu nia yake, ila adhabu inamwangukia yule tu ambaye nia yake inamlazimisha kuwa wengi.

Fundi mzuri huonekana pia kwenye vitu vidogo. Tarehe za kufungua sarafu haziko huru kabisa: ni siku ya kwanza ya mwezi tu, kuanzia Januari 2020 hadi Desemba 2099, yaani tarehe 960. Sababu ni ya kibinadamu. Mtu akipoteza kompyuta akabaki na maneno ya siri ya kurejesha sarafu zake, programu mpya inaweza kuzijaribu tarehe zote 960 na kuipata dhamana yake. Muundo unaruhusu pia ufunguo wa dhamana ukae mbali na intaneti, ukitoa cheti chenye mwisho kwa ufunguo mwingine unaofanya kazi sokoni. Mdukuzi akiivamia kompyuta, atapata cheti, dhamana hataigusa.

Wala kazi hii haijifanyi kamilifu. Kipeo cha pili kinampendelea mno tajiri, na mipangilio ya kawaida sasa hutumia kipeo cha 1.3. Sarafu kumi zilizofungwa pamoja hupata uzito wa karibu 20 dhidi ya 10 wa aliyejigawa. Adhabu imepungua, na mwenye kidogo amepumua. Asiye na dhamana kabisa naye ameachiwa nafasi: uchaguzi mmoja katika kila nane hufanywa bila kutazama dhamana. Halafu kuna gharama ambayo hakuna aliyeiondoa. Dhamana huonekana na wote, kwa hiyo mtoaji makini huzichanganya sarafu zake kabla ya kuzifunga, na tena zinapofunguka.

Kwa kuwa dhamana zote ni za wazi, nguvu ya ulinzi nayo hupimika. Programu ina ukurasa unaokadiria ni kiasi gani mshambuliaji angelazimika kufunga, na kwa muda gani, ili afaulu kwa uwezekano fulani. Mtumiaji husoma makadirio hayo kabla ya kuamini. Adui naye anayasoma, na waliouandika msimbo hawakumficha: makadirio yakiwa makubwa vya kutosha, kuyajua kwake ni sehemu ya ulinzi.