Chemosit na Ngazi Zisizofika: Juu ya Neno "Usurialisti" katika Uhakiki Wetu

Katika msitu wa Xilitla, nchini Meksiko, msafiri hukuta bustani ya saruji iitwayo Las Pozas. Mwenyewe, Edward James (1907–1984), tajiri wa Kiingereza, alikuwa akiotesha okidi hapo hadi baridi kali ya mwaka 1962 ilipoziangamiza. Ndipo akaanza kujenga maua yasiyoweza kufa. Humo mna nguzo zisizobeba paa, milango isiyoingiza nyumbani, na ngazi zinazopanda na kukomea hewani. Wahakiki huiita kazi ya kisurialisti, wala hawakosei: James alikuwa mfadhili wa Dalí na Magritte, na tapo lenyewe lilijitangaza Paris mwaka 1924 kwa ilani ya André Breton.

Tatizo linazuka neno hilo linapohamishiwa kwetu. Vinyago vya shetani vya Wamakonde, mtindo unaonasibishwa na Samaki Likankoa aliyechonga Dar es Salaam katika miaka ya 1950, vimepewa mara nyingi jina hilohilo. Na tukishuka Soin, nchi ya joto iliyo chini ya mashamba ya chai ya Kericho, tutamkuta Chemosit. Huyu hakuchongwa katika jiwe wala mti. Amechongwa kwa maneno. A. C. Hollis alimwandika mwaka 1909 katika kitabu chake juu ya Wanandi, ndugu wa Wakipsigis: nusu mtu, nusu ndege, mguu mmoja, makalio tisa, kinywa chekundu king'aacho usiku kama taa. Je, naye ni msurialisti?

Yuko atakayejibu kwamba Chemosit ana dhima tu: kuwatisha watoto wasitangetange gizani. Jibu hili halitoshi. Kumtisha mtoto, mguu mmoja na kinywa cha moto vyatosha. Makalio tisa ni ya nini? Hapa fani imeipita dhima. Pana mchezo, pana ziada, pana furaha ya msimulizi anayejua kwamba hadhira itacheka huku ikitetemeka. Uhakiki wetu, uliozoea kuuliza hadithi inafundisha nini, umeipuuza ziada hiyo. Kwa jambo hili tunapaswa kuishukuru bustani ya Xilitla: mbele ya ngazi isiyofika popote, swali la mafunzo hukwama, na macho hulazimika kutazama umbo.

Hata hivyo, kufanana kwa maumbo si udugu wa asili. Ndoto ya James ilikuwa ya mtu mmoja, aliyekuwa na mali ya kuigeuza saruji. Chemosit hana mwenyewe. Kila bibi humsimulia upya, naye hudumu maadamu pana wa kusikiliza. Kinyago cha shetani kimesimama katikati: imani ni ya wengi, mkono ni wa mmoja, na soko ni la mgeni.

Kwa hiyo tunapendekeza neno "usurialisti" libaki kwa tapo la Paris na waliolifuata. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi wa Soin kwamba Chemosit ni msurialisti anamfanya bibi yake mwigaji wa watu asiowajua, waliojitangaza miaka kumi na mitano baada ya Hollis kuchapisha kitabu chake. Na anayemwambia kwamba ni ushirikina mtupu amemnyima bibi huyo usanii wake. Makosa yote mawili yana chanzo kimoja: kutoa jina kabla ya kusikiliza.