Hadithi ya Daramumba, au ginsi mtu anavyojitafutia ukoo

Katika kijitabu hiki wasomaji wamezoea habari za ngoma, za mahari, za mazishi ya wakubwa. Safari hii tunaomba ruhusa tuzungumze juu ya kitabu. Tunafanya hivyo kwa sababu ndani yake kuna desturi moja ambayo sote tunaijua na hakuna anayeitaja kati ya mila: desturi ya kujitafutia ukoo kwa mdomo.

Kitabu ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, yule wazee wetu waliyemwita Mutipula. Aliandika mwenyewe, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu, akiwa amekwisha kurudi Unguja, miaka michache mbele ya kufa kwake mwaka 1905. Mjerumani Heinrich Brode ndiye aliyemsukuma aandike, akageuza herufi ziwe za kizungu, akachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Kiingereza cha Whiteley kilitoka 1958 na 1959, Kifaransa cha padri Bontinck kilitoka Bruxelles mwaka 1974. Sisi tulikisoma kwa fotokopi, karatasi zingine zimefifia, watu watano tukizunguka taa moja, mmoja anasoma kwa sauti na wengine wanamkatiza.

Kitu cha kwanza kilichotushangaza ni ukavu wake. Mtu huyu alitembea inchi hii yote mbele ya reli na mbele ya Bula Matari, lakini hatusimulii uzuri wa mto wala wa mlima. Anahesabu: frasila za pembe, bunduki, siku za njia, nani alimdai nani. Anayesoma akitafuta majuto juu ya watumwa atafika mwisho mikono mitupu. Halafu, katikati ya hesabu hizo, inatokea hadithi.

Tippu Tip yuko njiani. Ametoka upande wa Urua, anaelekea Utetera, inchi ya Kasongo Rushie, upande wa Lomami. (Vijana wasichanganye: huyu Kasongo ni mtu, tena si wa mji wetu. Jina ni moja, mambo ni mbalimbali.) Njiani anapata habari kwamba zamani Rungu Kabare, mfalme wa Urua, ndiye Ilunga Kabale wa Waluba, alipiga vita huko na kuchukua dada za Kasongo Rushie. Mmoja aliitwa Daramumba. Miaka imepita, Kasongo Rushie amekuwa muzee, dada hawajarudi.

Tippu Tip anaitunza habari hiyo. Wakati unapofika anawaambia watu kwamba babu yake mzaa mama, Habib bin Bushir el Wardi, alifika Urua siku za zamani, akapata huko mwanamke wa nyumba ya kifalme, akazaa naye binti, na binti huyo ndiye aliyemzaa yeye. Yule mwanamke ni Daramumba. Basi yeye Hamed, mtoto wa Unguja, ni mjukuu wa nyumba ile. Kasongo Rushie anakubali. Anampokea, anamwachia utawala, na pembe za inchi zinaanza kwenda kwa mjukuu. Haya yote yalikwisha kutendeka mbele ya mwaka 1874, wakati Mwingereza Cameron alipomkuta Tippu Tip huku.

Tuangalie ginsi anavyosimulia. Hasemi alidanganya, hasemi pia kwamba ni kweli. Anaandika alichosikia, kisha anaandika alichowaambia, kisha anaendelea na hesabu zake. Msomaji ndiye anayeunganisha na kucheka, ama kukasirika. Kati yetu tulibishana sana. Mmoja akasema: «Ule muzee alikuwa mwongo, alidanganyaka watu sababu walikuwa wajinga.» Mwingine akamrukia: «Ujinga gani? Mufalme aliona bunduki, ni ile tu.»

Majibu yote mawili hayatutoshi. Bunduki zilikuwepo, hakuna wa kukataa. Lakini mtu mwenye bunduki nyingi hana haja ya bibi wa kubuni; angepiga vita, kama alivyopiga pengine. Na Kasongo Rushie, mtu aliyetawala mpaka uzee, hatuwezi kumfanya mtoto mdogo anayeamini kila anachoambiwa. Sisi tunaona kwamba hadithi ilipita kwa sababu umbo lake lilikuwa limekwisha kujulikana.

Nani kati ya majirani za Waluba hajasikia habari za Mbidi Kiluwe? Mwindaji anatoka mashariki, mgeni, anafika kwa Nkongolo, analala na dada za mfalme, anakwenda zake. Mtoto anazaliwa, Kalala Ilunga, anakuwa shujaa, anamshinda mjomba wake na kushika utawala. Ndiyo hadithi ya kuanza kwa ufalme wa Waluba. Sasa weka hadithi ya Tippu Tip kando yake: mgeni kutoka mashariki, dada ya mfalme, mtoto wa upande wa mama, utawala. Mifupa ni ile ile. Tippu Tip alikuwa ametoka Urua, amekaa na watu wa Urua, amesikiliza. Hakuleta uzushi wake kutoka Unguja. Aliuokota huku huku na kuingia ndani yake kama mtu anavyovaa kanzu iliyokwisha kushonwa.

Na kwa Kasongo Rushie kanzu ile ilifaa pia. Kwa wengi wetu mtoto wa dada ni mtu mwenye ruhusa: anaingia pa mjomba bila kubisha, anachukua kuku, hakuna wa kumuuliza. Kuinamia mgeni ni aibu. Kumpokea mjukuu aliyepotea, tena amerudi na jeshi, si aibu hata kidogo, ni kilio cha zamani kilichojibiwa. Kwa hiyo tunasema hadithi ile ilitungwa na watu wawili. Mmoja alisema, mwingine akaitika, na pale walipokutana ukatokea utawala mpya wenye jina la ukoo.

Hapa ndipo tunapokilaumu kitabu, na lawama yetu si juu ya uongo. Ni juu ya Daramumba. Mwanamke huyu alichukuliwa vitani. Hatujui alikufa wapi, wala kama alizaa. Katika kitabu hasemi neno hata moja. Jina lake ni tiketi ya kupitia. Na mama mzazi wa Tippu Tip, binti Habib, naye anapewa mama mpya bila kuulizwa. Wakati huo huo, wanawake wangapi walikuwa wanachukuliwa na misafara ile ile, kutoka Nyangwe na Kasongo, kupitia Kabambare, mpaka ziwani kuvuka kwenda Ujiji? Hao hawana majina katika Maisha. Anatajwa mateka wa vita vya mtu mwingine, kwa sababu alileta faida. Tulipofika pale, mmoja wetu, mtu wa Kabambare, aliomba tufunge kitabu mpaka kesho yake.

Wengine watasema: mnamchunguza Tippu Tip, na wazungu je? Nao wana hadithi yao ya Kasongo. Mwaka 1892 Luteni Lippens na Sajini De Bruyne walikuwa Kasongo, mikononi mwa Sefu, mtoto wa Tippu Tip. Mwezi wa Novemba De Bruyne alipelekwa mpaka ukingo wa Lomami azungumze na wenzake waliokuwa ng'ambo. Wakamwambia ajitupe majini, watamlinda kwa bunduki. Akakataa, kwa sababu mkubwa wake Lippens alibaki nyuma. Wote wawili waliuawa baadaye. Mwaka 1900 wakasimamishiwa sanamu kule Blankenberge, kwenye pwani ya Ubelgiji. Hatumdharau sajini yule: mtu aliyerudi kufa na mwenzake ni mtu. Lakini angalia kazi aliyopewa kiisha kufa. Taifa changa, lenye Waflamandi na Wawaloni wasioelewana, likapata mtoto wa kujivunia, na vita vya pembe na njia za biashara vikageuka kuwa vita vya kuwaokoa watumwa. Bruxelles, katika bustani ya Cinquantenaire, kuna mnara mwingine wa mwaka 1921 unaowasifu askari wa Ubelgiji kwa kumwangamiza Mwarabu. Neno lile «Mwarabu» limekwisha kufutwa kwenye jiwe, likaandikwa upya, likafutwa tena. Huko pia wanahangaika na maandishi yao.

Sanamu zile hazionyeshi nani walipigana. Dhanis aliingia Nyangwe mwezi wa tatu 1893 na Kasongo tarehe 22 Aprili, akiwa na watu wengi wa Ngongo Lutete, aliyekuwa jana yake mtu wa Tippu Tip. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule Wabelgiji wakampiga Ngongo risasi. Na wale «Waarabu» walioshindwa, wengi wao walizaliwa huku huku: Wakusu, Wazimba, Wabangubangu waliovaa kanzu, wakasali, wakasema Kiswahili, wakajiita waungwana. Wabelgiji wakawaandika «arabisés», yaani watu waliogeuzwa. Jina hilo lilikaa, na limebaki na sumu yake.

Kwa nini tunasumbua wasomaji na mambo ya zaidi ya miaka mia? Sababu wakati wa kura, wakati wa kugombea kiti cha chefferie, na zaidi wakati wa vita, neno linarudi: wewe si mwenyeji, wewe ni Mwarabu, wewe mama yako alitoka wapi? Na anayeulizwa naye anajibu kwa ukoo, anataja babu, anataja bibi, mara nyingine anataja mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona.

Leta nayo ilijaribu kuweka mpaka wa ukoo kwenye karatasi. Sheria ya uraia ya tarehe 29 Juni 1981 ilisema Mzairwa ni yule ambaye mmoja wa wazazi wake wa zamani alikuwa wa kabila lililokaa ndani ya mipaka ya inchi tarehe 1 Agosti 1885. Tukasoma tarehe hiyo mara mbili. Siku ile, nani alikuwa na mji wa Kasongo? Tippu Tip na watu wake. Bula Matari alikuwa hajakanyaga huku. Mwaka 1887 ndipo walipomwomba Tippu Tip mwenyewe awe wali wao wa Stanley Falls. Mipaka ile ya 1885 ilikuwa wino juu ya ramani za Ulaya. Basi sheria ilitaka kila mtu aonyeshe kwamba babu yake aliishi ndani ya inchi ambayo, kwa macho ya babu huyo, haikuwepo. Nasi tunaicheka hadithi ya Daramumba! Sheria ya tarehe 12 Novemba 2004 ilisogeza kipimo mpaka siku ya uhuru. Ni afadhali. Hata hivyo neno kabila limebaki pale pale, na kabila ni kitu gani kwa mtu wa Kasongo ambaye baba ni Mkusu, mama ni Mbangubangu, na jina lake ni la msikitini?

Tuseme pia neno kwa wale wanaojivunia ungwana. Wapo wanaosimulia Kasongo ya zamani kama pepo: nyumba nzuri, mpunga, machungwa, Kiswahili safi kupita cha Bukavu. Mpunga ulikuwepo, na Kiswahili tunakipenda. Lakini pepo ile ililimwa na nani? Hapa tunawashauri wasome Abdulrazak Gurnah wa Unguja, aliyepewa zawadi ya Nobel mwaka 2021. Riwaya yake ya 1994 ilitoka kwa Kiswahili mwaka 2022, imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis, jina lake Peponi. Humo msafara kama ule wa Tippu Tip unafika bara kwa mfalme Chatu, na Chatu hakubali hadithi yoyote. Anashika mali, anawatesa wageni, anawakumbusha waliompitia zamani na kumdhulumu. Gurnah amempa mfalme wa bara ulimi, jambo ambalo Maisha haikumpa Kasongo Rushie. Hata yeye, kwa maoni yetu, Chatu amemchora kwa mbali kidogo, sawa mtu anayeonekana kwa moshi. Riwaya inabaki na wasafiri. Lakini ni tofauti kubwa.

Mwandishi wa huku, wa Kasongo ama Kabambare, bado hajaiandika sehemu inayobaki. Ingeanzia kwenye kibanda cha Urua, na mwanamke ambaye kaka yake ni mfalme wa mbali, na asiyejua kwamba siku moja mtu asiyemzaa atajiita mjukuu wake.

Kwa sasa sisi tunaomba kitu kidogo. Maisha imesemwa kutoka upande mmoja. Kama katika vijiji vya kuelekea Lomami, ama popote kati ya teritwari zetu mbili, kuna muzee ama mama aliyesikia jina la Daramumba, hata kama ni katika wimbo wa kutwangia, hata kama ni jina tu lililopewa mtoto bila maelezo, mtuandikie ama mmlete azungumze nasi. Alitamke anavyolitamka yeye. Katika fotokopi yetu herufi mbili za katikati hazisomeki vizuri.